Kaunta ya mashine au ya keshia: kosa likitokea, ni la nani?

Mabishano kuhusu mashine za kujilipia kwenye supamaketi, zile ambazo mteja hupitishia bidhaa zake na kulipa mwenyewe bila keshia, huanzia kwenye foleni na kuishia kwenye ajira. Wanaozipenda wanasema zinaokoa muda. Wanaozipinga wanasema zinawanyima watu kazi. Hoja zote mbili zina uzito, lakini ipo ya tatu ambayo naona haisemwi vya kutosha: mteja anapofanya kazi ya keshia, anabebeshwa pia lawama za keshia.

Kuhusu muda, mashine zina haki yao. Mtu mwenye vitu vitatu mkononi hana sababu ya kusimama nyuma ya toroli lililojaa hadi juu. Tena foleni moja inayogawa watu kwenye mashine sita husogea vizuri zaidi kuliko foleni sita zilizojitenga, kwa kuwa mteja mmoja mwenye tatizo hawakwamishi wote waliomfuata. Ila toroli likijaa, mambo yanageuka. Keshia mzoefu anajua mistari ya msimbopau, ile inayosomwa na mashine, iko upande gani wa pakiti, namba za mboga na matunda anazo kichwani, na mkono wake mmoja unapokea wakati mwingine unapitisha. Sisi tunageuza kopo huku na huku tukitafuta hiyo mistari, kisha tunapekua picha kwenye kioo tukitafuta tunda lisilo na msimbo wowote.

Halafu kuna mizani. Kwenye mashine nyingi, sehemu ya kuwekea mfuko ina mizani chini yake, inayolinganisha uzito wa kitu ulichokiweka na uzito ambao mashine inautarajia. Weka mkoba wako pale kwa bahati mbaya, au mtoto aegemeze mkono, au kitu kiwe chepesi mno kisisikike, na mashine inagoma. Taa inawaka, sauti inamwita mhudumu, na watu wanageuka kutazama. Hujafanya kosa lolote, lakini tayari umesimamishwa mbele za watu.

Watetezi wa mashine wana hoja moja nzito ya kihistoria, na sipendi ipuuzwe. Zamani mteja alisimama mbele ya kaunta na muuzaji ndiye aliyemchukulia kila kitu kwenye rafu. Mwaka 1916, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambako mteja aliingia na kikapu akajichagulia mwenyewe. Kazi ya muuzaji ilihamia kwa mteja, na leo ni wachache mno wangetaka kurudi nyuma. Kwa nini basi hatua hii ya pili itutie hofu?

Jibu langu ni kwamba hatua ya kwanza ilimpa mteja kitu: kushika bidhaa, kulinganisha bei, kubadili mawazo bila kumsumbua mtu. Na mlangoni bado alikuwapo mtu wa duka aliyehesabu na kuwajibika kwa hesabu yake. Msimbopau ulipoanza kutumika, pakiti ya kwanza ikipitishwa tarehe 26 Juni 1974 katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, aliyeipitisha alikuwa keshia. Lakini teknolojia hiyo iliirahisisha kazi yake kiasi kwamba asiyefundishwa angeweza kuifanya. Kufikia 1986, mashine ya kujihudumia iliyobuniwa na David Humble ilikuwa ikijaribiwa katika duka la Kroger karibu na Atlanta.

Keshia akisahau kupitisha kitu, hilo ni kosa la duka. Mteja anaondoka zake na hakuna wa kumwita mwizi. Mteja akisahau kitu kilekile kwenye mashine, anakuwa mtuhumiwa. Hakufundishwa, halipwi, anahangaika na mtoto na mifuko, lakini anadaiwa umakini wa mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Sisemi wizi haupo. Wapo wanaoweka tunda la bei kubwa kwenye mizani na kubonyeza picha ya kitunguu, na wapo wasiopitisha kabisa. Maduka yamejibu kwa kamera juu ya kila mashine, mageti yasiyofunguka bila risiti, na ukaguzi wa ghafla. Kila kinga ya namna hii inamwangukia zaidi mteja mwaminifu, kwa sababu ndio walio wengi. Na yule mfanyakazi mmoja anayesimamia mashine kadhaa, kazi yake imekuwa kuwatilia watu shaka kutwa nzima na kupokea hasira zao.

Hata hivyo, wapo ambao mashine imewapa heshima. Asiyesikia vizuri anaona jumla yake kwenye kioo bila kuuliza. Anayenunua dawa au kitu cha faragha hahitaji macho ya mtu. Lakini asiyeona anakutana na kioo laini kisicho na kitufe cha kupapasa, aliye kwenye kiti cha magurudumu mara nyingine hakifikii, na mwenye pesa taslimu anakuta mashine inataka kadi tu. Hawa wakikuta kaunta zote za makeshia zimefungwa, duka limewaambia wasubiri msaada kwa jambo waliloweza kulifanya wenyewe jana.

Maduka yenyewe yameanza kupunguza kasi. Novemba 2023, Booths, kampuni yenye maduka kaskazini mwa Uingereza, ilitangaza kuziondoa mashine hizi karibu katika maduka yake yote, ikabakiza mawili yenye shughuli nyingi. Ilisema wateja waliziona za polepole, zisizotegemeka na zisizo na utu. Machi 2024, Target ya Marekani iliweka kikomo cha vitu 10 kwenye mashine katika maduka yake mengi. Uholanzi, Jumbo walikwenda mbali zaidi: mwaka 2019 walifungua kaunta ya keshia kwa wateja wasio na haraka wanaotaka kuzungumza, wakiwalenga hasa wazee wapweke, kisha wakaisambaza kwenye maduka mengine.

Mimi naona kikomo cha vitu vichache ndicho kinachoipa mashine mahali pake. Vikapu vidogo viende huko, na matoroli yabaki na makeshia, mradi makeshia wawepo kweli, hata saa za jioni watu wanapofurika. Duka linalofungua kaunta moja ya keshia kati ya nane, kisha likatangaza kwamba wateja wamependelea mashine, halijawapa wateja nafasi ya kuchagua.

Na kwenye mashine zenyewe, kitu kilichosahaulika kihesabiwe kwanza kama kosa la kawaida. Mhudumu aje, akipitishe, mteja alipe tofauti na aende nyumbani, bila kuvutwa pembeni na mlinzi wala kupekuliwa mifuko mbele ya foleni. Keshia akikosea hapati adhabu hiyo, na yeye ana mafunzo na mshahara.