Redio za lugha za mama na kosa ambalo si la lugha

Katika makao ya Royal Media Services jijini Nairobi, habari za siku moja hutoka kwa lugha karibu kumi. Radio Citizen huzisoma kwa Kiswahili, Inooro kwa Kikuyu, Ramogi kwa Kijaluo, Musyi kwa Kikamba, Egesa kwa Kigusii, Chamgei kwa Kikalenjin, Muuga kwa Kimeru, Mulembe kwa Kiluhya. Mwenye mali ni mmoja. Hata hivyo msikilizaji wa Nyeri na yule wa Bondo hawaletewi nchi ile ile. Wa Nyeri anangoja bei ya kahawa na malipo ya maziwa. Wa Bondo anataka kujua hali ya uvuvi ziwani na mzozo wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo umefikia wapi. Muziki wa mugithi humburudisha mmoja, wa benga humburudisha mwenzake. Na kura zinapohesabiwa, kila mmoja husimuliwa ushindi au kushindwa kwa sauti ya mtu wa kwao.

Hapo ndipo hofu inapoanzia. Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, hurudi wito wa kuzibana redio za lugha za mama, na wapo wanaotaka zilazimishwe kutangaza kwa Kiswahili peke yake. Wito huo una damu nyuma yake, kwa hiyo anayeupinga hana budi kuusikiliza kwanza.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilizitaja redio za lugha za mama kwamba zilichangia kupandisha chuki. Shirika la habari la Umoja wa Mataifa, IRIN, liliripoti Januari 2008 mafumbo yaliyosikika hewani: wapiga simu kwenye kituo kimoja cha Bonde la Ufa wakiwataka “watu wa maziwa”, yaani Wakalenjin, wakate nyasi, wakilalamika kwamba nguchiro, yaani Mkikuyu, ameingia na kuiba kuku. Asiyejua Kikalenjin angedhani ni mazungumzo ya wafugaji. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kesi ikaanza kusikilizwa Septemba 2013, na Aprili 2016 ikafutwa kwa kuwa majaji walio wengi waliona ushahidi hautoshi. Hawakumtangaza kuwa hana hatia, wala hawakumtia hatiani.

Wanaotaka vidhibiti husema pia kwamba lugha ya mama humpa mwanasiasa ndimi mbili. Nairobi atahubiri amani kwa Kiswahili, jioni aingie studio ya kwao aseme mengine. Hilo ni kweli, na Wakenya wengi wamelishuhudia.

Lakini tutazame kwa makini ni nini hasa kilichoharibika mwaka ule. Yaliyowatia watu hofu zaidi yalitoka katika vipindi vya kupiga simu. Taarifa ya habari yenyewe haikuwa na lawama kama hiyo. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, ambaye huenda aliajiriwa kwa ucheshi wake na wepesi wa mithali, aliachwa peke yake na maikrofoni huku nchi ikiwaka, akipokea simu za watu wenye hasira asiowajua. Uchambuzi wa BBC World Service Trust uliotolewa Aprili 2008 uliligusa jambo hili: waongozaji wa vipindi hivyo hawakuwa na mafunzo ya kuyaendesha mazungumzo wakati wa mgogoro. Ni upungufu wa mafunzo, wa uhariri, wa mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde chache ili neno baya likatwe kabla halijaruka. Kipindi cha namna hiyo kikiendeshwa kwa Kiswahili kitaunguza vilevile.

Rwanda ndiyo mfano unaotajwa haraka kuliko mwingine wowote katika mjadala huu, na ndio mfano unaoeleweka vibaya kuliko yote. RTLM, redio binafsi iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwavutia vijana kwa muziki wa Kikongo na utani wa mitaani kabla ya kuwa chombo cha mauaji ya kimbari. Waasisi wake wawili walihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha, Desemba 2003. Lakini redio ile ilitangaza hasa kwa Kinyarwanda, lugha ya Wahutu na Watutsi na Watwa, lugha ambayo muuaji na aliyeuawa walikuwa wakiamkiana kwayo. Rwanda ilikuwa na lile ambalo wapinzani wa redio za lugha za mama wanaliombea Kenya, yaani taifa zima kusikiliza lugha moja. Halikumwokoa mtu. Kilichoua kilikuwa mpango wa watu wenye madaraka na pesa, waliojua wanachotaka kifanyike. Anayeitumia RTLM kuishtaki lugha anawapunguzia mzigo waliopanga.

Upande wa pili, huku Kenya, mtaani Kibera jijini Nairobi, Pamoja FM iliyokuwa changa bado mwaka ule wa 2007, ilikaa hewani ikiwatuliza watu wa mtaa waliokuwa wakichomeana nyumba. Ilitangaza kwa Kiswahili, nami siuchukulii utulivu ule kuwa ushahidi wa utakatifu wa Kiswahili. Ulikuwa ushahidi wa kituo kilichojua wasikilizaji wake ni nani, wanaishi nani na nani ukuta kwa ukuta.

Tanzania imefuata njia nyingine, na majirani huisifu. Tangu Radio Tanzania Dar es Salaam ilipokuwa peke yake hewani hadi vituo binafsi vilipofunguliwa mlango na sheria ya 1993, matangazo yamekuwa kwa Kiswahili, na kanuni za utangazaji bado zinataka Kiswahili au Kiingereza. Redio ya kijamii ya Loliondo, iliyoko katikati ya Wamasai, hutangaza chini ya kanuni hizo hizo. Faida yake haina haja ya kuthibitishwa: Msukuma na Mmakonde wamecheka kwa kipindi kimoja na kulia kwa tangazo moja la msiba wa taifa. Naiheshimu kazi hiyo. Ila Tanzania ilijenga kwanza Kiswahili shuleni, jeshini, chamani na kazini kwa miaka mingi, redio ikaja juu ya msingi uliopo. Kenya ikifunga Musyi au Egesa kesho, haitapata Tanzania keshokutwa. Itapata mamilioni ya watu waliozimiwa habari.

Hao ndio wasioonekana katika mjadala huu, kwa sababu unaendeshwa na sisi tunaosoma magazeti. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inaendesha vituo vidogo vya redio chini ya RANET, mpango wa kufikisha habari za hali ya hewa vijijini: Kangema huko Murang'a, ambako milima huporomoka mvua ikizidi, Bulala huko Budalang'i, ambako mto Nzoia umevunja kingo zake mara nyingi, Oltoilo le Maa huko Suswa kwa Wamasai, Nganyi huko Vihiga. Zinatangaza kwa lugha za wenyeji kwa makusudi. Idara hiyo ilijua tangu mwanzo kwamba utabiri usiomfikia mkulima kwa lugha anayolimia nayo haumwambii aanze lini kupanda wala ahame lini bondeni.

Nganyi inanivutia zaidi ya zote. Ukoo wa Nganyi umesifika kwa vizazi kwa kutabiri mvua, ukisoma miti inavyochanua, mwendo wa wadudu na upepo. Kabla ya msimu, wazee wa ukoo huo walikaa na wataalamu wa hali ya hewa, kila upande ukaleta utabiri wake, wakaulinganisha, wakatoka na kauli moja ya kupelekwa kwa wakulima. Kauli hiyo ilipokelewa kwa sababu msikilizaji aliwatambua waliomo ndani yake. Ingesomwa kutoka Nairobi kwa Kiswahili cha ofisini, bibi wa miaka 70 mwenye shamba la mahindi Emuhaya angesikia “mvua juu ya wastani” na kuendelea kungoja wazee waseme. Sasa mtu anapodai redio hizi ni za kikabila na zifungwe, naomba atueleze Budalang'i itaonywa na nani usiku mto ukifurika, na kwa maneno gani.

Muziki una hoja yake. Kameme FM ilipoingia hewani mwaka 2000, ikiwa redio binafsi ya kwanza ya Kikuyu, waimbaji waliokuwa wakiuza kanda kwenye vituo vya matatu walipata mahali pa kusikika kutwa nzima. Vituo vya Nairobi vinavyotangaza kwa Kiingereza viliwalenga vijana wenye pesa za matumizi, vikajaa nyimbo za Marekani na mizaha ya mapenzi ya asubuhi. Sijasikia wito wa kuvifungia kwa kuitenga nchi na muziki wake.

Hata wimbo, lakini, hubadilika kulingana na saa unapochezwa. Daniel Owino Misiani, mfalme wa benga aliyezaliwa Shirati, Tanzania, na kupata jina Kenya, aliimba kwa Kijaluo mafumbo ya wanyama kuwasema watawala, na yalimletea matatizo na serikali. Alifariki 2006. Ripoti ile ile ya IRIN ilisema kituo kimoja cha eneo la Ziwa Victoria kilicheza wimbo wake unaotaja utawala wa nyani wakati wa ghasia. Msanii alikuwa kaburini mwaka mzima na zaidi. Aliyechagua wimbo huo kwa wakati huo ndiye wa kuulizwa, na huyo ana mhariri, meneja na mwenye leseni juu yake.

Na hapo kwa mwenye leseni ndipo hoja ya wapinzani inapopata nguvu kweli, ingawa wenyewe huipitia mbio. Kituo cha biashara huishi kwa wadhamini, na wadhamini huhesabu vichwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakikuyu zaidi ya milioni 8. Wakamba walipita milioni 4.6. Waelmolo walikuwa 1,104. Wadahalo wa Lamu na Tana walikuwa 575. Hakuna kiwanda cha sabuni kitakacholipia tangazo kwa ajili ya watu 575. Soko likiachwa liamue, lugha kubwa hupata vituo vitatu au vinne kila moja, zenye watu wachache hubaki kimya, na Mdahalo anasikiliza nchi yake ikizungumzwa na wengine. Ulinzi unaotajwa na kifungu cha 7 cha Katiba, kinachoitaka dola iendeleze na kulinda lugha za watu wa Kenya, hauwezi kutoka kwa wauza matangazo. Unahitaji pesa za umma kupitia KBC, shirika la utangazaji la taifa, ambalo tayari lina vituo vya Mayienga, Ingo, Kitwek, Minto na Iftiin, na unahitaji redio za kijamii kama Mang'elete ya Kibwezi, iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama na kutangaza kwa Kikamba.

Umiliki nao usisahauliwe. Kameme leo iko chini ya Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta, na si familia hiyo pekee ya kisiasa iliyonusa thamani ya kituo kinachosikika kijijini kwake. Mwenye kituo akiwa na mgombea, mtangazaji atajua bila kuambiwa ni simu ipi ipokewe na wimbo upi urudiwe.

Kwa hiyo kabla ya kura za 2027 Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano na Utangamano zina kazi iliyo wazi. Ziajiri wasikilizaji wanaojua Kikalenjin, Kigusii na Kisomali kwa undani wa mafumbo yake, watakaotofautisha nguchiro wa hadithi na nguchiro wa uchochezi. Zidai kila kituo chenye kipindi cha simu kiwe na mtambo wa kuchelewesha sauti na mhariri aliye zamu, na leseni ionyeshe jina la mmiliki halisi. Adhabu zimfikie huyo mmiliki, kwa sababu hadi sasa aliyesimama kizimbani The Hague kwa niaba ya redio zote hizi alikuwa mtangazaji mmoja.