Hiyo 'd mnayoiruka darasani

Juzi dada mmoja wa Pemba, ile ya Msumbiji, ambaye namsaidia Kiingereza jioni, alinipa simu yake nisikilize ujumbe wa sauti. Ulitoka kwa mtu anayeshughulikia maombi yake ya kazi. Mwishoni yule bwana anasema: "I'd send the form today." Dada akaelewa kwamba fomu inatumwa kwake siku hiyo. Akakaa siku tatu anachungulia simu. Kumbe alikuwa anashauriwa: ningekuwa wewe, ningeituma leo. Fomu alikuwa nayo yeye muda wote.

Machozi yalimlengalenga, nami nikapandwa na hasira. Si kwake. Amesoma Kiingereza miaka miwili kwenye darasa la kulipia, na huko aliambiwa vifupisho kama hiyo "I'd" (yaani "I would" au "I had") ni lugha ya mtaani, atavikuta mbele ya safari. Daftari lake nimelipekua. "I would", "I had", "he has", zote zimeandikwa kwa ukamilifu, mwandiko mzuri kabisa. Ritifaa, ile alama ya ', hakuna hata moja.

Walimu wenzangu, mfikirieni mtu aliyekua na Kireno. Kwake wakati unakaa mkiani mwa kitenzi, na unasikika: "enviei" ni nilituma, "enviaria" ni ningetuma. Hata "eu", yaani mimi, si lazima aitaje, mara nyingi kitenzi kimeshasema nani na lini. Sisi tuna -nge- yetu katikati ya neno, huwezi kuikosa. Kiingereza kinauchukua mzigo huohuo na kuubandika kwenye "I" kwa d moja tu, tena d inayomezwa ikifuatwa na s ya "send". Sikio la mwanafunzi linangoja mkiani, habari imeshapita mwanzoni. Ndiyo maana pia anaandika "Is raining": kwao "está a chover", mvua inanyesha, haihitaji kiwakilishi, kwa hiyo kwenye "it's" anakamata "is" peke yake.

Msiniambie Kireno nacho kina vifupisho. Kinavyo, na ni vya lazima. Kwa kawaida huandiki "de o", ni "do". Lakini hivyo havibebi wakati.

Jioni ile nilimwambia asihangaike na d yenyewe, ashike neno linalofuata. "I'd sent" ni had. "I'd send" ni would. Na 's vilevile: "she's eating" ni is, "she's eaten" ni has. Nikasoma sentensi kwa kasi ya kawaida, yeye akinyoosha kidole kimoja kwa had, viwili kwa would. Mwanzoni alikosea karibu zote, baadaye vidole vikaanza kutangulia sauti yangu. "I'd put it here" ndiyo iliyomkwamisha, na ina haki ya kumkwamisha mtu, maana "put" haibadiliki.

"Mwalimu, hapo si lazima nijue walikuwa wanaongelea nini?"

Ndiyo hasa.

Haya, barua rasmi ziandikwe kwa ukamilifu, sibishi. Lakini watu hawapigiani simu kwa lugha ya barua rasmi. Wiki ile ile mnayofundisha "I would", wasikilizisheni "I'd", waisikie mara nyingi kabla hawajaiandika. Wamelipa ada ili waelewe wanapoongeleshwa.

Fomu aliituma siku ya nne. Hadi leo hajajibiwa.