Kiswahili tulichokisikia kwa kuamrishwa

Mganda aliyekuwa mtu mzima mwanzoni mwa miaka ya 1980 anayajua maneno mawili ya Kiswahili hata kama hajui la tatu: panda gari. Askari walizingira mtaa wa Kampala, wakawatoa watu majumbani, wakakagua vitambulisho, na waliotiliwa shaka wakapewa amri hiyo. Wako waliopanda wasionekane tena. Kiboko cha kuchapia nacho kimo ndani ya Luganda hadi leo, kibooko, na mtoto wa shule anaelewa bila kutafsiriwa.

Kwa hiyo siwezi kuwabeza wanaosema lugha hii haifai kubeba machungu ya watu wetu. Wanasema mtu hulia kwa lugha ya mama yake, na kwamba Kiswahili, hata kikipewa hadhi ya lugha rasmi ya pili kama katiba ilivyorekebishwa mwaka 2005, hata baraza la mawaziri likiamua mwaka 2022 kisomeshwe kwa lazima shuleni, kitabaki sauti ya mwenye bunduki. Wana kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ni ya kweli.

Lakini walichosikia ni nusu ya lugha. Tuliletewa Kiswahili cha kuamrisha, cha mwenye kulalamika hakikufika.

Niliwahi kukaa kama mkalimani katika ofisi moja huku mashariki, karibu na mpaka. Binti aliyekuwa akifanya kazi za ndani alikuja kumshtaki mwajiri wake. Afande aliuliza, "Amekupiga?" Akajibu, "Hapana, afande. Ananisimanga." Nikasita, kisha nikatafsiri kwa neno pana tulilolizoea kwenye semina: unyanyasaji. Afande akaandika, akafunga daftari. Binti akanigeukia: "Kaka, umemwambia nini? Mbona ameandika kidogo hivyo?"

Sikukosea kisheria, na hapa wanaotetea neno pana wana hoja nzito. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 haiishii kwenye kipigo. Inagusa pia maneno, hisia na mali, na inamtaja mfanyakazi wa ndani miongoni mwa wanaolindwa. Bila neno kubwa la kuyakusanya hayo yote, jibu la "hapana" kwa swali la afande lingetosha kumrudisha binti yule kwa mama mwenye nyumba. Neno pana lilimfungulia mlango.

Tatizo lilikuwa ndani ya mlango. Unyanyasaji haukusema chochote kuhusu sahani. Kusimanga ni kumpa mtu kitu kisha kumkumbusha ulichompa hadi kimchome kooni: "Kula, kula tu, kwenu hata chumvi mlikuwa hamna." Anayelisikia neno hilo anajua papo hapo cha kuuliza: alisema nini, mbele ya nani, mara ngapi.

Maneno mengine nayo yana kazi zake. Kudhulumu kuna haki iliyochukuliwa: mshahara wa miezi mitatu, kibanja cha mjane. Kunyanyapaa tulikujua kwa uchungu zama za UKIMWI, mgonjwa alipotengewa kikombe chake na mkeka wake. Mwanamuziki wetu Philly Lutaaya alipojitangaza mwaka 1989 kuwa anaugua, hilo ndilo alilokabiliana nalo, na ungeliita dhuluma ungekuwa umekosa kiini chake, yaani kule kukwepwa kama uchafu. Na kuonea, ambalo ndilo nilipendalo zaidi, humhukumu mkosaji kwa kupima nguvu: amemchagua asiyeweza kurudisha. Watu wazima hulidharau kwa sababu watoto hulitumia wakitumwa maji. Mimi naona watoto wameelewa vizuri.

Kuna hatari nyingine, na inawahusu zaidi tunaoandika. Kodi ya kibanda sokoni ikipanda kidogo tunaandika dhuluma. Mwalimu akigomba tunaandika ukatili. Siku mjane anafukuzwa kwenye shamba alilolima miaka ishirini, tunaokota neno lilelile lililokwisha chakaa. Anayesoma hashtuki tena.

Sitaki neno pana litupwe. Liwekwe juu ya faili, mahali pake, sheria ilitambue. Chini yake liandikwe neno la mtu mwenyewe, kama alivyolitamka. Na wanaotunga vitabu vya shule kwa ajili ya hiki Kiswahili cha lazima wasianze na simama, keti, funga mlango peke yake. Mtoto wa Tororo au Arua afundishwe mapema kusema "usinionee" na "umenidhulumu", na ajue tofauti yake.

Siku ile nilimwomba afande afungue tena daftari. Nikamweleza kusimanga ni nini, na binti akaanza upya, tangu sahani ya kwanza.