Mbilikimo Aliyegundua Bamvua

Jumapili usiku, nyumbani kwangu South C, Nairobi, mbilikimo mmoja wa gemu ninayocheza kwenye kompyuta aligundua kwamba kujaa na kupwa kwa bahari kunafuata mwezi. Alikuwa ameketi katika maktaba niliyomchongea ndani ya mwamba: meza mbili, viti viwili, kabati la vitabu. Bahari hajaiona tangu azaliwe. Ngome yangu iko milimani. Tangazo la mstari mmoja lilipita kwenye skrini, naye akainuka akaenda kutafuta kinywaji.

Mpwa wangu, ambaye anasomea uhandisi wa umeme na huja kulala kwangu wikendi, alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama. "Anko, sasa hiyo imekuongezea nini?"

Nikamwambia ukweli, haijaniongezea kitu. Sikupata silaha mpya wala jengo jipya, na ukuta wa ngome ulibaki vile vile. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye simu yake. Lakini swali lake lilinikaa. Wachezaji wengi wa gemu hii wanaliuliza, na wengi wao wanalimalizia kwa kusema kwamba elimu isiyokuongezea nguvu haina maana kuwekwa kwenye gemu. Mimi naona hapo ndipo gemu hii imezipita zote.

Gemu yenyewe ni Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2006, na toleo lenye picha likaanza kuuzwa Desemba 2022. Kabla hujaanza kucheza, kompyuta inatunga dunia nzima na historia yake, mwaka baada ya mwaka, watu wakizaliwa na kufa, miji ikijengwa na kuanguka. Kisha unapewa kikundi cha mbilikimo. Unawapangia kazi, lakini maisha ni yao. Mwishoni mwa mwaka 2015 ndugu hao waliingiza maktaba na wasomi. Tangu hapo dunia hiyo ina wanafalsafa, wanahisabati, wanahistoria, wanafalaki, matabibu na wahandisi, na kila fani ina mambo yake yanayoweza kugunduliwa. Msomi huketi akatafakari jambo moja kwa muda mrefu, au akajadiliana na mwenzake. Siku moja linamfunukia. Akiwa na karatasi ataliandika. Mnakili atatoa nakala. Mgeni atapita, atasoma, ataondoka nalo kichwani kwenda mji mwingine.

Gemu nyingi za kusimamia mataifa hazifanyi hivyo. Katika Civilization ya Sid Meier, iliyotoka mwaka 1991 na kuigwa na wengi, elimu ni mti. Unachagua tawi, unalilipia kwa miaka ya utafiti, unapata, unapanda tawi linalofuata. Ukishapata gurudumu, taifa zima lina gurudumu, leo na milele. Hakuna aliyeligundua, kwa hiyo hakuna anayeweza kufa nalo. Nimeipenda gemu hiyo tangu nikiwa kijana na sijaacha kuipenda. Ila ilinifundisha jambo lisilo kweli kuhusu elimu, na nilikaa nalo miaka mingi bila kujua: kwamba elimu ni mali ya taifa, inawekwa kama fedha benki, na inaongezeka tu.

Katika ngome yangu ya kabla ya hii nilikuwa na mwanahisabati. Alitafakari misimu miwili mizima, akagundua. Mimi sikuwa nimewapa karatasi. Karatasi katika gemu hii inataka kazi: mmea usagwe uwe rojo, rojo lishindiliwe. Ukitaka ya ngozi, upate chokaa kwanza. Nilikuwa nimeshughulika na kuta na chakula, nikasema hilo litangoja. Maji yalivunja handaki moja nililochimba vibaya, na yeye alikuwa huko chini. Nilipofungua orodha ya wakazi baadaye, hapakuwa na mwingine hata mmoja katika ngome aliyelijua jambo lile. Niliketi pale nikaona uchungu wa kweli, uchungu ambao mti wa matawi haujawahi kunipa.

Na hivyo ndivyo elimu ilivyo. Chukua kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kutoka damu uliowamaliza mabaharia. Mwaka 1747 daktari James Lind, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka. Jeshi la majini lilichukua karibu nusu karne kukubali: ni mwaka 1795 ndipo maji ya limau yalipoanza kutolewa rasmi. Katika gemu ya mti, hapo tungeandika "kiseyeye kimeshindwa" tukapanda tawi jingine. Lakini katika karne ya 19 Waingereza waliacha limau wakashika ndimu, kwa sababu ndimu ilipatikana katika makoloni yao. Kwao lilikuwa tunda lile lile. Mswahili yeyote anayekwenda sokoni angewaambia kwamba limau ni limau na ndimu ni ndimu. Ndimu ile, hasa maji yake yakiwekwa muda mrefu, haikuwa na nguvu ya limau, na kwa kuwa hakuna aliyejua kilichomo ndani ya tunda kinachoponya, hakuna aliyeona kosa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasafiri wa Kiingereza kule Antaktika walikuwa wakiugua tena kiseyeye, na madaktari wao wakilaumu nyama iliyoharibika. Dawa ilikuwa imeandikwa vitabuni zaidi ya miaka 100. Walijua kwamba inaponya bila kujua kwa nini, na elimu ya namna hiyo ikahamishwa kidogo tu inavunjika.

Hapa ndipo nina neno na ndugu hao wawili, kwa sababu gemu yao nayo ina pengo.

Babu yangu alikuwa mvuvi wa Shimoni, pwani ya kusini. Hakusoma shule. Namkumbuka ameketi kwenye mkeka, wavu umemfunika magoti, kidole gumba kikitembea juu ya vifundo vya vidole vingine, akihesabu mwezi. "Leo mwezi saba. Maji mafu hayo, hayaendi popote." Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: bahari inajaa mpaka inalamba mizizi ya minazi, halafu inakupwa mpaka mwamba unabaki mtupu, na akina mama wanatoka na vijiti vyenye ncha ya chuma kutafuta pweza kwenye mashimo. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari inajaa kidogo na kupwa kidogo. Nilikuwa na miaka sita nikilijua hilo. Newton alieleza chanzo chake mwaka 1687, kwamba mwezi na jua huvuta maji, na vikiwa kwenye mstari mmoja mvuto wao unajumlika. Ni kazi kubwa, na sitaki kuipunguza hata chembe. Lakini bamvua lilikuwa na jina, na kalenda, na watu waliopanga maisha yao juu yake.

Ndani ya gemu, babu yangu angekuwa mvuvi mwenye ustadi mkubwa wa kuvua, basi. Jambo la mwezi na maji lingemngoja mwanafalaki aketi maktabani. Gemu inatenganisha ustadi wa mkono na elimu ya kichwa, na ustadi wa mkono huko haufundishwi kama tunavyoujua sisi. Fundi anajifunza kwa kufanya kazi yake peke yake. Hakuna mtoto anayekaa pembeni ya fundi akimpa nyundo.

Ukitaka kuona ninachosema, nenda Shauri Moyo. Mapema miaka ya 1980, jiko la ndoo la Thailand lilifika Nairobi kama wazo. Hapa halikunakiliwa lilivyo. Lilipewa kiuno chembamba, chini na juu pana, bati kwa nje, kikombe cha udongo uliochomwa kwa ndani, ili lisipinduke ugali ukisongwa na lishike moto kwa makaa machache. Waliolijaza mjini ni mafundi wa jua kali. Siku moja nilisimama mbele ya kibanda kimoja hapo karibu nusu saa. Mzee alikuwa akikunja ukingo wa bati, na kijana wa kama miaka 15 akimtazama mkono, si uso. Mzee alipiga mara tatu, akamsukumia. Kijana akapiga, bati likapinda vibaya. Mzee hakusema neno, alilinyoosha, akapiga tena polepole. Sijaona gemu hata moja inayoweza kunionyesha hilo, na ndiyo njia ambayo sehemu kubwa ya elimu ya mji huu inapita.

Pengo la pili ni kwamba hakuna anayembishia mgunduzi. Mbilikimo wangu alipogundua habari ya mwezi, ikawa ndiyo hivyo. Sasa mfikirie Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, kule Lushoto, Tanzania. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ikiisha, naye akaogopa kuikosa, akaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na bado hakuaminiwa. Kisha Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi, na kijana yule akasimama mbele ya wote akarudia swali lile lile. Wenzake walimcheka. Osborne alikwenda akamwagiza fundi wake wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo, na jambo lile likaitwa kwa jina la Mpemba. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama linatokea kweli, na kama linatokea, kwa sababu gani.

Miaka sita ilipita kati ya friji ile na karatasi ile. Gemu ingehesabu kitambo cha kutafakari tu, ikaacha kipindi cha kuchekwa. Kipindi cha kuchekwa ndicho kinachoamua kama elimu itaishi, na ningependa sana kuona msomi wa gemu aliyegundua jambo la kweli akakosa wa kumwamini, akahama mji nalo.

Sitaki waongeze tuzo. Napenda kwamba ugunduzi haunipi upanga. Elimu yenye makali ya wazi katika gemu hii ni siri za kufufua maiti. Mkazi akisoma kitabu chenye siri hiyo anaweza kugeuka mchawi papo hapo. Afadhali hisabati na falaki zibaki hivi hivi, zipendwe na wanaozipenda.

Kuna jambo moja dogo wamelipatia kabisa. Ukijenga maktaba unaulizwa nani aingie: wageni wote, wakazi, au raia peke yao. Kila nikifika hapo nakumbuka maktaba ya McMillan hapa Nairobi, barabara ya Banda, na simba wake wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani akasoma. Vitabu vilikuwapo, mji ulikuwa na wasomaji, na katikati palikuwa na mlango. Mimi siku zote nachagua wageni wote. Huingia majambazi wakati mwingine. Sijabadilisha.

Nilimpa mbilikimo wangu karatasi usiku ule ule. Ilikuwa imeshafika saa nne na nusu nilipomwona ameketi mezani anaandika, na mnakili nikamteua hapo hapo.

Mpwa wangu aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Anko, kwani ile wanaita nini kwa Kiswahili, maji yakijaa sana?"

"Bamvua."

Hakuwa amewahi kulisikia. Mama yake ni dada yangu, tumelelewa nyumba moja Shimoni, lakini yeye amezaliwa Nairobi na kukulia Nairobi. Nikafunga kompyuta, tukatoka kwenye baraza. Mwezi ulikuwa juu ya mapaa, umepita nusu kidogo. Nikampa mkono wangu aone gumba linavyohesabu vifundo, akajaribu kwa mkono wake, akapotea kwenye cha nne, akaanza upya. Alifika tisa.

"Basi leo Shimoni ni bamvua?"

"Hapana," nikamwambia. "Leo ni maji mafu."