Nimetua Salama, Mzee

Kabla hatujawasha injini, Mzee, kiongozi wetu kwenye mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za vita, aliniambia kazi yangu ya jioni ile ni moja tu: kurudi. Nisiwaze kuangusha mtu. Nimfuate yeye, nimwangalizie mkia, na mwisho wa yote nitue uwanjani kwetu ndege ikiwa na mabawa yote mawili.

"Ukirudi, dogo, umeshinda," alisema, kwa ile sauti yake ya mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote.

Moyoni nilimdharau kidogo. Nilikuwa nimetoka kuangusha kwa fujo ndege zinazoendeshwa na kompyuta yenyewe, nikajiona rubani. Lakini ndege za kompyuta zina adabu: zinajipitisha mbele ya pua yako, zinapinda taratibu, na ukikosa shabaha zinakupa nafasi nyingine. Mtandaoni unakutana na watu, na baadhi yao wamo humo tangu enzi za modemu inayolia kwenye waya wa simu. Wamefunga pedali chini ya meza, wamevaa vifaa vinavyofuata mwendo wa kichwa, akigeuza shingo kidogo tu anaona nyuma. Mimi nilikuwa na jostiki moja na kiti kinacholia kila nikiegemea.

Ramani ilikuwa ya Mlango-Bahari wa Dover, kiangazi cha 1940. Sisi tulikuwa Waingereza, upande wa Kent, na ndege za Spitfire Mk I; wao Wajerumani, upande wa Calais, Ufaransa, na Messerschmitt Bf 109 E. Katikati bahari, ambayo pale pembamba haizidi sana kilomita 33. Seva yenyewe, yaani kompyuta tunayokutania wote, ni ya wale wanaopenda mambo yawe ya kweli: jina halitokei juu ya ndege, na ramani haikuonyeshi uko wapi. Na kusimamisha mchezo mtandaoni hakuna. Ukifungua menyu, ndege inaendelea kuruka bila wewe.

Sasa, programu hizi zina wema mmoja unaoponza wageni. Ukichomeka kifaa chako, zinakipangia kazi zenyewe bila kukuuliza. Kila anayeanza huambiwa afungue ukurasa wa vitufe, apitie kimoja kimoja, afute vyote ambavyo hakuviweka yeye. Na mimi niliambiwa. Nikaona ni kazi ya karani. Nikachagua kitufe kizuri kinachokaa chini ya kidole, nikakifanya cha kuongelea na wenzangu. Kumbe programu ya ndege ilikuwa imeshakifanya kitufe hichohicho kuwa breki. Programu ya sauti haijui habari za programu ya ndege, wala ya ndege haijui ya sauti. Zote mbili zikakubali.

"Uko tayari, dogo?"

"Tayari, Mzee."

Pshhh.

Breki za Spitfire ni za upepo, unazisikia. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kusogea na moto mwingi. Magurudumu yakashikwa, mkia ukanyanyuka, pua ikainama kwa heshima zote, na pangaboi likaanza kulima nyasi.

"Vipi tena?" Mzee akauliza.

"Hata sijui, Mzee."

Pshhh.

Nikapewa ndege nyingine. Huku tukienda kwenye mstari wa kurukia, nikagundua kwamba ndani ya Spitfire iliyo chini huoni mbele. Pua ni ndefu na imeelekea juu, kwa hiyo inabidi uende zigizaga, uchungulie kushoto, uchungulie kulia. Katika moja ya kona zile Mzee akaniuliza kama namwona. Namwona vizuri sana, nikajibu. Ndege hii ukifunga breki huku umekanyaga usukani wa mkia upande mmoja, gurudumu la upande huo ndilo linaloshikwa. Nikazunguka papo hapo. Pangaboi langu liliposimama, mkia wa Mzee ulikuwa umejaa kioo chote, hata misumari yake ningeweza kuihesabu.

Kukawa kimya. Halafu Mzee akasema, "Oswald Boelcke aliandika kanuni za vita vya angani mwaka 1916. Rubani hodari, Mjerumani. Mnajua alikufaje? Aligongana angani na mwenzake wa kikosi, mwaka huohuo." Hakuongeza neno.

Mwenzetu mmoja ndiye aliyeng'amua. "Mzee, huyu akiongea ndipo anaposimama."

Nikaomba muda nirekebishe. Haikuwezekana, maana Spitfire ikingoja chini injini ikiwaka rejeta inachemka, na wenzangu wote sindano zao za joto zilikuwa zinapanda kwa sababu yangu. Mzee akatoa amri: hewani niongee nitakavyo, ila magurudumu yakiwa chini au karibu na chini, nifunge mdomo. Kitufe tutakitengeneza tukirudi.

Kuruka kwenyewe nilishafanyia mazoezi peke yangu, na hapo namshauri yeyote anayeanza afanye hivyohivyo mpaka achoke. Pangaboi la Merlin, ndiyo injini ya Spitfire yetu, ukiwa ndani, linazunguka kuelekea kulia, na ndege nzima inataka kwenda kushoto. Ukisukuma mkono wa mafuta wote kwa pupa, unajikuta kwenye uzio. Moto unaongezwa kidogo kidogo, mguu wa kulia ukifanya kazi. Na ukishaizoea hiyo, usije ukapanda Spitfire za baadaye zenye injini ya Griffon ukidhani ni ndege ileile: zile pangaboi linazunguka kinyume, na mguu wako wa kulia uliofunzwa vizuri ndio utakaokuua. Kaa na ndege moja. Mimi walau hilo nililitii.

Tukapanda, jua likiwa limeshainama magharibi. Mzee akatukumbusha ya Boelcke tena, safari hii ile kanuni ya kwanza kwa watu wengi: shambulia jua likiwa mgongoni kwako, adui akikutazama apofuke. Nikaishika hiyo. Nadhani ndiyo kanuni pekee niliyoishika jioni ile, na ndiyo iliyonimaliza.

"Nukta mbili, juu yetu, upande wa kushoto," akasema Mzee.

Nikatafuta. Kwa umbali ule ndege ni kijidoa tu, na anayeanza anaweza kukikodolea macho asikione. Nikaiona moja! Nikaifuata kwa macho, nikainua pua, nikajiandaa. Haikusogea. Nikanyoosha kidole nikaigusa kwenye kioo. Ikatoka. Lilikuwa vumbi.

Nukta za kweli wakati huo zilikuwa zimeshakuwa ndege. Messerschmitt moja ikapita mbele yangu, pua ya njano, karibu kiasi kwamba nilisahau kila nilichoambiwa. Nikamwacha Mzee na mkia wake, nikaifukuza.

Kila mgeni hupita hapa. Mtu anayekimbia mbele yako anakuvuta kuliko amri yoyote ya kiongozi, hata ukijua kwamba mara nyingi anakimbia ili mwenzake aje nyuma yako. Nikaanza kufyatua kutoka mbali. Spitfire Mk I ina bunduki nane, inatisha kuisikia, lakini risasi zake ukizishikilia zinakwisha kwa sekunde 15 hivi. Wakongwe wanasubiri mpaka adui ajae kwenye kioo. Mimi nilianza akiwa bado na ukubwa wa inzi. Zikaisha.

Jamaa akasukuma jostiki mbele, akazama chini. Nami nikasukuma. Injini yangu ikakohoa, ikakata, ikawa kimya.

"Mzee, mchezo wangu umekwama!"

"Haujakwama. Umesukuma pua?"

"Nimesukuma."

"Basi ndiyo Merlin hiyo."

Na kweli ndivyo zilivyokuwa. Injini ile ilitumia kabureta, na ukiizamisha ndege ghafla mafuta yanarukia juu, injini inapaliwa. Ya Mjerumani ilinyunyiziwa mafuta moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo yeye anazama anavyotaka, na marubani wake walilijua hilo. Mhandisi wa Uingereza, mama mmoja aitwaye Beatrice Shilling, ndiye aliyepata dawa: kipande kidogo cha chuma chenye tundu, cha kuzuia mafuta yasije kwa wingi. Kilianza kufungwa mwaka 1941. Sisi kwenye ramani yetu tulikuwa bado 1940.

"Pindua ndege tumbo juu kwanza," Mzee akaelekeza, "halafu ndiyo uvute."

Nikapindua. Nikavuta kwa nguvu zote, kama mtu anayeng'oa muhogo. Kioo kikaingia giza, maana ukivuta hivyo damu ya rubani inashuka miguuni na mchezo unakuzimia taa. Nikaendelea kuvuta gizani. Mwanga uliporudi nilikuwa mita chache juu ya bahari, ndege inatetemeka, na mbinguni pote hakuna mtu. Sekunde kadhaa nyuma palikuwa na vurugu ya ndege; sasa hata ndege wa kawaida sikumwona. Hilo nalo ni la kila siku mtandaoni.

"Dogo, upo?"

"Nipo, Mzee."

"Umempiga?"

"Nimepiga bahari."

"Risasi?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi rudi. Kazi yako ni ipi?"

"Kurudi."

Nikatazama saa ya mwelekeo kwenye dashibodi. Inaendeshwa na gurudumu linalozunguka kwa kasi ndani yake, na ndege ikibiringika vibaya gurudumu lile linapoteza mizani, kisha sindano inaonyesha upande inaoutaka yenyewe. Baada ya kubiringika unatakiwa uipange upya kwa kutazama dira. Dira ya Spitfire iko chini, karibu na magoti ya rubani. Kuiona inabidi uinamishe kichwa cha kwenye mchezo kwa vitufe ambavyo, nadhani unajua, sikuwa nimevipanga. Saa ilisema kaskazini-magharibi, kwetu. Nikaiamini. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, kama Boelcke alivyotaka, nikajipongeza.

Dakika chache baadaye ufukwe ukatokea.

"Mzee, naona majabali meupe!"

"Safi sana. Hayo ndiyo ya Dover. Pita juu yake, tafuta uwanja, utue taratibu. Sisi tumeshafika."

Majabali ya Dover ni meupe kwa sababu ni chokaa. Ng'ambo ya pili, Ufaransa, kuna rasi inaitwa Cap Blanc-Nez. Nayo ni chokaa.

Uwanja niliuona bila shida kwa sababu ulikuwa unatoa moshi. Mizinga ya kuulinda ilikuwa imelipuliwa, mabanda mawili yanaungua. Nikawahurumia wenzangu kwa kupigwa hivyo wakati mimi nazurura baharini. Nikapunguza mwendo, nikashusha miguu. Nikashusha flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa, ambavyo kwenye Spitfire havina nusu, ni juu au chini. Maili 90 kwa saa. Pua ikaanza kuuziba uwanja, nikawa natazama nyasi za pembeni tu.

"Dogo," Mzee akaita. "Uko upande gani? Sikuoni."

Magurudumu yalikuwa karibu na ardhi. Nikafunga mdomo kama nilivyoamriwa.

"Dogo? Jua unaliona wapi?"

Nikanyamaza. Jasho linanitoka.

"Jibu, dogo. Jua liko mbele yako au nyuma?"

Gurudumu la kushoto likagusa, la kulia likafuata, mkia ukashuka wenyewe. Ndege haikudunda. Wanaojua Spitfire, ilivyobananisha miguu yake, watanielewa: niliiacha ijiviringishie mpaka ikasimama, katikati ya uwanja, imenyooka, bawa halijagusa nyasi. Nikavuta mkono wa mafuta mpaka mwisho. Ndipo nikabonyeza kitufe.

Pshhh.

"Nimetua salama, Mzee."

"Umetua wapi? Mimi nimesimama katikati ya uwanja hapa."

Nikageuza macho kushoto. Kando ya banda palipangwa ndege, tena kwa mstari mzuri. Pua zote njano. Moja ilikuwa na mtu ndani. Ilijongea taratibu, ikazigizaga mpaka pembeni yangu, ikasimama, na kwenye maandishi ya wote mtu yule akaandika neno moja: karibu. Hapo juu ya kioo mchezo ukatangaza kwa seva nzima kwamba rubani fulani ametekwa. Jina lilikuwa langu.

Kwenye hedifoni nilisikia watu wakijaribu kutocheka, halafu wakashindwa. Mzee peke yake hakucheka. Aliwangoja wamalize.

"Ilidunda?" akauliza.

"Haikudunda, Mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya. Fungua ukurasa wa vitufe, tuanze na hicho cha breki."