Kutikisa Si Kulenga: Gemu za Zamani Zinaporudi kwa Kontrola ya Mwendo

Mwishoni mwa mwaka 2008 Nintendo, kampuni ya Kijapani ya gemu, ilianza kuuza nchini Japani mfululizo wa gemu ambazo wapenzi wake wengi tayari walikuwa nazo kabatini. Zilikuwa gemu za GameCube, konsoli yake iliyotangulia, zikiwa zimetengenezwa upya kwa ajili ya Wii, konsoli inayochezwa kwa kutikisa na kuelekeza remoti. Donkey Kong Jungle Beat ndiyo iliyofungua njia. Zikafuata Pikmin, Mario Power Tennis, Metroid Prime na nyingine chache, na nje ya Japani mfululizo huo ukapewa jina la New Play Control!. Ajabu yake ni kwamba Wii za wakati ule zilisoma diski za GameCube bila tatizo, na hata zilikuwa na matundu ya kuchomekea kontrola zake za zamani. Aliyenunua toleo jipya alikuwa analipia namna mpya ya kuishika gemu ileile.

Nasimama upande wa wanaosema wazo lile lilikuwa zuri, na kwamba hata leo, gemu za Wii zinapohamishiwa Switch, konsoli ya Nintendo ya baadaye, bado ni zuri. Ila sikubali kulisifu kwa jumla. Kila gemu inayorudi naipima kwa swali moja: mkono wa mchezaji unaieleza gemu kitu gani? Kama mwendo wa mkono unasema wapi, kwa pembe gani, kwa upande gani, basi kuna kitu kimeongezeka. Kama kazi yake ni kutikisa tu ili kitokee kile ambacho kitufe kingekifanya kwa mguso mmoja, mchezaji amepunjwa.

Tofauti hii inatokana na vifaa vyenyewe. Remoti ya Wii ilipotoka mwaka 2006 ilikuwa na vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni akselerometa, inayohisi msukumo na mvuto wa dunia, hivyo inajua umetikisa na umeinamisha, lakini haijui mkono umegeukia kushoto au kulia. Cha pili ni kamera ndogo puani mwa remoti, inayotazama taa za infraredi kwenye kile kijiti kinachowekwa chini au juu ya televisheni. Kijiti hicho chenyewe hakihisi chochote, ni taa tupu, na ndiyo maana kuna watu waliowasha mishumaa miwili mahali pake na gemu ikaendelea vizuri. Kamera hiyo ndiyo iliyoifanya remoti ijue hasa unaelekeza wapi kwenye skrini. Kwa hiyo ndani ya kifaa kimoja kulikuwa na kulenga kwa uhakika na kutikisa kwa kubahatisha, na watengenezaji walichagua watakavyo.

Waliochagua vizuri kuliko wote, kwangu mimi, ni kampuni ya Capcom. Resident Evil 4, gemu ya kutisha iliyoongozwa na Shinji Mikami, ilitoka kwenye GameCube Januari 2005. Ndani yake Leon, mhusika unayemwendesha, akitaka kupiga risasi lazima asimame, na wewe unasogeza ile nukta nyekundu ya bunduki kwa kijiti cha kidole gumba, polepole, huku wanakijiji wenye mashoka na uma za shambani wanakusogelea. Toleo la Wii la mwaka 2007 halikugusa kanuni hiyo. Leon bado anasimama. Kilichobadilika ni kwamba unashikilia kitufe cha B, unaelekeza remoti kwenye goti la anayekuja, unabonyeza A. Goti likipigwa anayumba, unamkimbilia na kumpiga teke. Mlolongo ule ulikuwa ndani ya gemu tangu mwanzo, lakini sasa jicho na mkono vinafanya kazi pamoja, hakuna kijiti kinachosubiriwa kati yao. Mtu akirusha shoka, unalipiga likiwa hewani. Kwenye GameCube pia iliwezekana, ila ulihitaji utulivu ambao wengi hatuna.

Wapo wanaolalamika kwamba gemu ilikuwa rahisi mno, na wana hoja. Maadui wale walipangwa kwa mwendo wa mtu anayelenga kwa kijiti. Ukimpa mchezaji mkono mwepesi bila kuwaongezea maadui kasi, hofu inapungua, na Resident Evil bila hofu imepoteza sehemu ya nafsi yake. Nalikubali hilo. Lakini toleo lile liliruhusu pia kontrola ya GameCube. Aliyetaka hofu yake ya zamani aliichomeka na kuipata, kwenye diski hiyohiyo.

Ndiyo maana kilichofuata kinaniuma. Mwaka 2011 Resident Evil 4 ikatolewa tena kwa PlayStation 3 na Xbox 360, picha zikiwa zimesafishwa, bila kulenga kwa mwendo. Mwaka 2019 ikafika Switch, konsoli yenye jairoskopu, yaani kihisi cha mgeuko, ndani ya kila Joy-Con, zile kontrola zake ndogo za kuchomoa, nayo ikaja na vijiti tu. Miezi michache baadaye Resident Evil 5 na 6 zikaletwa Switch zikiwa na kulenga kwa mwendo! Ile iliyolifanya jambo hili lipendwe ikawa ndiyo iliyonyimwa. Anayetaka kuicheza ilivyokuwa kwenye Wii hana budi kutafuta Wii.

Metroid Prime, gemu ya kuchunguza sayari ngeni kwa macho ya mhusika mwenyewe, ilikuwa kazi ngumu zaidi. Retro Studios, kampuni ya Texas, iliitengeneza mwaka 2002 kwa kujua udhaifu wa kontrola ya GameCube: unatembea na kugeuka kwa kijiti kimoja, unamfunga adui kwa kitufe kimoja ili macho yasimwache, na ukitaka kutazama huru juu na chini lazima usimame. Udhaifu huo uliipa gemu tabia yake. Uliifanya iwe ya kutembea, kuchunguza kuta, kusoma maandishi ya watu waliokwisha kufa, na mapigano yakawa kitu cha pembeni. Ilipopelekwa Wii mwaka 2009 ukaweza kutembea huku unalenga popote. Ni tamu kuishika, lakini mara nyingi nahisi inakuvuta uwe mpiga risasi kabla hujawa mtafiti. Nampenda zaidi Metroid Prime Remastered wa Switch, aliyetoka Februari 2023, kwa sababu alikataa kuamua kwa niaba yangu. Ana vijiti viwili kama gemu za siku hizi, ana kulenga kwa mwendo kunakofuata njia ya Wii, ana mchanganyiko wa hivyo viwili, na ana mpangilio wa zamani wa GameCube. Vyote vimo kwenye menyu moja, na unaweza kubadilisha katikati ya safari.

Donkey Kong Jungle Beat ni habari nyingine kabisa, na hapa hasira yangu haijapoa. Gemu ile ilizaliwa mwaka 2004 kwa ajili ya ngoma. GameCube ilikuwa na kontrola ya bongo mbili za plastiki zenye maikrofoni katikati: piga ya kulia, sokwe Donkey Kong anakimbia kulia, piga ya kushoto, anakwenda kushoto, piga zote, anaruka, piga makofi, maikrofoni inasikia na yeye anapiga makofi. Kila kitu ndani ya gemu, kuanzia umbali wa mashimo mpaka ndizi zilivyopangwa hewani, kilipimwa kwa viganja. Kwenye Wii ngoma zikaondolewa. Ukapewa kijiti cha kutembea, kitufe cha kuruka, na kutikisa mahali pa makofi. Viwanja vilirekebishwa ili vilingane na hali hiyo, na wanaosema ni gemu nzuri ya kuruka hawasemi uongo. Lakini kutikisa kule hakuna mdundo. Mwili ulikuwa ndani ya gemu tayari, kisha teknolojia iliyotangazwa kama ya kuuleta mwili kwenye gemu ikautoa nje.

Kisha ikaja gemu iliyojengwa juu ya mwendo tangu msingi. Skyward Sword, gemu ya upanga ya mfululizo wa Zelda ya mwaka 2011, ilitegemea MotionPlus, jairoskopu iliyoongezwa kwenye remoti ili ijue mkono umegeukia wapi hasa. Mmea unafungua mdomo kwa wima, unaukata kwa wima. Unaufungua kwa ulalo, unaukata kwa ulalo. Adui anaweka upanga wake kushoto, unapitisha wako kulia. Mkono unasema kitu, na gemu inajibu. Ilipokwenda Switch Julai 2021 Nintendo ilifanya jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani: iliongeza njia ya kucheza bila mwendo, ambapo kijiti cha kulia kinakuwa upanga.

Njia hiyo ina kasoro. Kijiti kikishakuwa upanga, kamera inabaki bila mwenyewe, na inabidi ushikilie kitufe cha L ili uizungushe. Vidole vinagongana kwa saa nyingi kabla havijazoea. Hata hivyo nainyanyulia mikono yote miwili. Switch Lite, toleo dogo la Switch, haina Joy-Con za kuchomoa, kwa hiyo bila njia ile mwenye Lite asingeweza kuicheza alivyoishika. Kuna mwenye maumivu ya kifundo, kuna mwenye mkono mmoja usiofanya kazi, kuna mzazi anayecheza kitandani usiku huku mtoto amelala ubavuni. Hao wote walifungiwa nje mwaka 2011. Kinachoniudhi kwenye toleo lile ni kitu kingine: uwezo wa kurudi angani kutoka popote ulipo ulifungwa ndani ya amiibo, kisanamu cha Nintendo kinachosomwa na konsoli na kinachouzwa peke yake.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, wengi wetu gemu ya kwanza ilikuwa PlayStation na mpira, pedi ikizunguka mkono kwa mkono. GameCube na Wii tulizisoma zaidi kuliko tulivyozigusa. Kwa mtu wa namna hiyo, toleo linalorudi kwenye Switch ndiyo gemu yenyewe, hana nyingine ya kulinganisha. Kilichokatwa hatajua kilikuwepo. Kwa hiyo neno la kwamba wanaotaka ya zamani wacheze ya zamani halinishawishi; konsoli ile ya zamani haimo madukani kwetu, na duka la mtandaoni la Wii lilifungwa Januari 2019.

Sasa Switch 2 ipo, tangu Juni 2025, na kila Joy-Con yake inaweza kulazwa mezani ikatumika kama panya wa kompyuta. Metroid Prime 4, iliyotoka Desemba mwaka huohuo, inaruhusu kulenga kwa panya, kwa mwendo au kwa kijiti, na unahamia kwenye panya na kurudi bila kufungua menyu. Uwezo wa kuzirudisha gemu za Wii na kulenga kwake kwa uhakika haujawahi kuwa mkubwa hivi. Naomba Metroid Prime ya pili na ya tatu zipewe menyu ileile ya 2023. Capcom iirudishe Resident Evil 4 ya mwaka 2007 pamoja na mkono wake. Na kama kuna mtu Nintendo anayefikiria Jungle Beat, aanze na kiwanda cha ngoma.