Nyasi za Mzee Zinaoga Kabla Yangu

Jamani, mwenye nyumba wangu kaweka gofu uani. Sio gofu lote, maana uwanja wenye mashimo 18 ungeanzia hapa Ilazo, Dodoma, ukaishie kwenye viwanja vya watu. Kaweka kale kasehemu ka mwisho tu, ka nyasi bandia, penye shimo na kibendera, ambapo mtu mzima anauinamia mpira weee, anaupimia kwa jicho moja, kisha anausukuma taratibu. Na kapaweka palepale ilipokuwa kamba yetu ya kuanikia nguo.

Mzee huyu alikuja na Serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitoka 1973, tukasubiri mpaka tukazoea kusubiri, ndipo 2016 watu wakaanza kufungasha kweli. Walipofika tukapata lami, foleni, na kodi za vyumba zikapanda. Hayo tuliyategemea. Gofu hatukuambiwa. Anasema alijifunzia kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo kule Dar, na tangu astaafu mikono inamwasha.

Mimi nilijua nyasi bandia ni kapeti: unanunua, unakunjua, unakanyaga. Wapi! Kwanza waliingia vijana na sururu, wakachimba uani kwenda chini kama sentimita 15, mchicha wa Mama Neema ukaondoka na udongo wake. Likaja tipa la kokoto. Wakamwaga, wakashindilia kwa mashine iliyochezesha vikombe kabatini kwangu hadi kimoja kikajitupa. Juu yake wakaweka vumbi la kokoto, wakashindilia tena. Halafu fundi akapiga magoti na ubao mrefu, anavuta, anachungulia, anakwangua kivimbe ambacho mimi hata sikukiona. Kukiwa na kibonde, anasema, mpira utapinda wenyewe na mzee atamlaumu yeye.

Sasa chumba changu mimi sakafu ina nyufa tangu nihamie. Kila nikisema, naambiwa fundi kasafiri. Kumbe fundi yupo, na pima maji anayo!

Nikamsogelea. "Fundi, mvua ikinyesha maji yataelekea wapi?"

"Tumeweka mteremko, kaka. Sentimita 2 kwa kila mita. Yanashuka hivi." Akanyoosha mkono. Mkono ukaenda ukaenda, ukaishia mlangoni kwangu.

"Fundi, huko ni kwangu."

"Najua, kaka. Lakini mvua ya Dodoma nayo si ya kubahatisha tu?"

Makubwa haya. Mvua yenyewe hadi Desemba, ila mipira haikusubiri msimu. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, mpira hauzidi sana milimita 43, yaani shimo ni zaidi ya mara mbili ya mpira, na mzee bado anakosa! Akikosa, mpira unafuata mteremko wa fundi, unapita chini ya mlango, unajibanza chini ya kitanda. Saa kumi na mbili asubuhi nasikia: "Hodi, Baba Neema. Samahani, kuna mgeni wangu kaingia humo?" Utamfanyaje mzee wa watu? Unaamka, unalala kifudifudi, unapapasa kwenye viatu.

Hayo yote ningevumilia. Kinachonichoma ni maji.

Plastiki na jua la Dodoma unazijua. Saa saba mchana Mama Neema alikatisha pale peku kufuata ndoo, akaruka kama bisi. Mzee naye akajaribu kupiga, soli zikamchemka. Dawa yake? Anazimwagilia. Nyasi zisizo na mizizi, ndugu zangu, zinamwagiliwa! Tena siku ya mgao, ambapo sisi wapangaji tumepanga madumu tangu alfajiri, mpira wa bomba umelala pale kwenye plastiki unatiririka. Zikikauka, joto linarudi lilelile. Nikamuuliza kwa adabu zote kama nyasi hizi zinakua. Akasema, "Hapana kijana, zinapozwa tu. Hazinywi." Nikatazama dumu langu. Sisi tunakunywa, lakini tumekaa foleni nyuma ya zisizokunywa.

Usisahau upepo wa Julai na Agosti. Vumbi letu jekundu halijali kama kitu ni cha bei. Asubuhi kijani, jioni rangi ya tofali, na kijana wa kazi anatoka na brashi ngumu kusugua akienda kinyume na nyasi zinavyolala ili zisimame. Katikati ya nyasi wamejaza mchanga laini wa kuzikalisha, na kuku wangu wameshaugundua. Wanachakura, wanaoga humo, wanafurahi. Nimepewa onyo la maandishi. La kuku!

Mbuzi wa jirani ndiye aliyesema ukweli peke yake. Aliingia geti likiwa wazi, akaona kijani kiangazi hiki, akakimbia mwenyewe. Akang'ata. Akatafuna. Akasimama, akamwangalia mzee, akatema. Mbuzi yule nimewahi kumwona anakula mfuko wa saruji.

Jana sasa mzee kanigongea, safari hii hatafuti mpira, ana karatasi. Kodi inapanda kuanzia mwezi ujao, kwa sababu mazingira yameboreshwa na hadhi ya nyumba imepanda. Na anataka ya miezi sita kwa mpigo.

Nikamwambia sawa, mzee wangu, hatutagombana. Ila ile mipira yako iliyohamia chini ya kitanda changu nayo ni wapangaji. Inalala kwangu, inaamshwa kwangu, haijawahi kuchangia hata umeme. Nikaomba kalamu nimwandikie ya kwake, na mimi nachukua ya miezi sita.